Kiti cha Bingwa wa Myanga

Kitu cha kwanza niliona pale Myanga si Sellah. Ilikuwa kiti.

Kiti cha kitambaa, ile ya kukunja, mistari ya kijani na nyeupe, imewekwa kando ya uwanja wa tenisi chini ya mwavuli mweusi kama wa matanga. Na ndani yake Wabwile amejimwaga kama gunia ya viazi imefunguka mdomo. Kaptura nyeupe imepigwa pasi mpaka ukiigusa itakukata. Anatafuna njugu. Maganda anatupia upande wangu.

"Karibu, kijana wa Kitale," akaniambia, hata hajainuka. "Ukimaliza na hao wadogo, mimi niko hapa."

Hao wadogo walikuwa wanne. Wawili Ijumaa jioni, wawili Jumamosi asubuhi, walimu watatu na karani mmoja wa posta, na wote niliwamaliza kwa jua mpaka shati ikashikana na mgongo. Wabwile hakucheza na mtu. Wabwile alikuwa bingwa, na pale Myanga bingwa hachezi. Anakaa. Wengine wanauana, na yule anabaki na pumzi kidogo anapelekwa mbele yake saa kumi ya Jumamosi kama mbuzi ya Krismasi. Miaka mitatu ameshika Kombe la Myanga, na kwa hiyo miaka mitatu amecheza mechi tatu.

Mimi nilijua hiyo sheria inatoka wapi. Nilikuwa nimeacha shule Fomu Two, naona kila ukuta unanibana, nikakimbilia Kitale kufanya kazi kwa klabu ya wazungu. Naburuta rola, napiga mistari ya chokaa, na mzungu akikosa mwenzake ananiita nimrudishie mipira. Hata hao siwasifu. Wanacheza seti moja, wanakunywa masaa matatu, halafu wanalaumu jua. Lakini kuna mzee mmoja wao alikuwa anapenda kuongea akishiba, na yeye ndiye alinipa hadithi yote. Ati zamani kabisa uwanja wa tenisi ulibanwa kiunoni kama kibuyu. Wakachoka nayo, wakaunyoosha. Ati neti ilikuwa juu kama boma ya ng'ombe. Wakachoka, wakaishusha. Ati hata kwao bingwa alikuwa anakaa tu, anangoja wengine wachinjane. Wakachoka kuona mtu ananenepa kwa kiti, mwaka wa ishirini na mbili wakaifuta, bingwa akaanza chini kama kila mtu.

Sasa sisi tuko mwaka wa hamsini na mbili. Miaka thelathini, na habari haijafika Myanga!

Haijafika kwa sababu Mwalimu Hiram hakutaka ifike. Mwalimu Hiram ndiye mwenyekiti, ndiye refa, ndiye mwenye kitabu. Kitabu chenyewe aliachiwa na mmishenari fulani wakati yeye Hiram alikuwa bado na nywele, na anakiweka kwa kitambaa pamoja na Biblia. Mchwa waliingia sanduku mwaka mmoja, Biblia wakaiogopa, wakala kurasa mbili za tenisi. Moja ya hizo ilikuwa ya kubadilisha upande. Dunia nzima wachezaji wanabadilishana upande, jua likuchome wewe kidogo, linichome mimi kidogo. Myanga, hapana. Ukurasa haupo, sheria haipo. Bingwa anachagua upande mmoja na anabaki hapo mpaka mwisho. Nadhani hata wewe unajua Wabwile huchagua upande gani saa kumi jioni, jua likiwa linaenda Uganda.

Yaani watu wazima, wamevaa tai, wanatawaliwa na mchwa.

Na huyo Mwalimu Hiram ndiye baba yake Sellah.

Sikuja kwa sababu ya kombe. Kombe lenyewe lilikuwa chombo cha kuwekea maua kule misheni, wakakata mdomo wakakipaka rangi ya fedha. Nilikuja kwa sababu ya barua. Sellah, msichana wangu, alizoea kuniandikia kurasa nne, mbele na nyuma, mpaka pembeni. Hii ilikuwa na mstari mmoja: *Jumapili baada ya kanisa watu wa Wabwile wanakuja nyumbani.* Basi. Hata salamu hakuna.

Kwetu wageni wa posa kama hao wakija, wanakaa sebuleni, wanaongea habari ya mvua, na msichana yuko jikoni. Akitoka kuwasalimu, amekubali. Asipotoka, wanakunywa chai yao na kwenda. Kwa hiyo nilikuwa na mpaka Jumapili saa saba. Nikadandia lori ya mahindi mpaka Bungoma, na baba yangu mdogo Barasa, fundi wa cherehani pale mjini, akanibeba nyuma ya baisikeli yake mpaka Myanga. Alikaa kwa nyasi siku zote mbili akiangalia.

"Mukhisa," akaniuliza nilipotoka kumshinda mtu wa nne, "hii kitu mnafukuza, mkiishika mnakula?"

"Hapana, baba."

"Na mkiipoteza?"

"Tunaitafuta."

Akatingisha kichwa. "Kweli shule imeharibu watu."

*

Saa nane mama yake Sellah, Mama Agneta, akatoka nyuma ya madarasa na birika kubwa ya chai. Nyuma yake jirani amebeba sinia ya vikombe. Wanawake wamejaa kwa mkeka, na katikati yao senge Nakhungu, yaani shangazi yake Sellah, dada ya Hiram, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto.

Mama Agneta alipokaribia kile kiti cha bingwa akasimama. Akavuta leso ikafunika uso. Akageuka, akazunguka uwanja wote, njia ndefu, akapitia hata nyuma ya choo cha shule, ndiyo asipite mbele ya Wabwile. Chai ya Wabwile ilipelekwa na jirani. Wanawake wakacheka chini chini.

"Ameona mkwe!" senge Nakhungu akasema, na Wabwile akajifanya anatafuta njugu kwa mfuko, lakini masikio yake yalikuwa yanacheka.

Kama wewe si wa kwetu wacha nikueleze. Kwetu mama hampi mkono mwanaume anayeoa binti yake. Hamwangalii usoni, hali chakula mbele yake, wakikutana njiani mmoja anaingia kwa mahindi. Si chuki. Ndiyo heshima kubwa kabisa mama anayo, na haipewi ovyo. Ukiona mama anakukimbia, jua umefika.

Halafu akafika kwangu. Akaweka birika chini. Akafunua uso wote, akanyoosha mkono.

"Mulembe, Mukhisa mwanangu! Umekonda hivi, kwani Kitale hawapiki?"

Mkono mzima, wenye joto ya birika. Akautikisa mara tatu. Akaniangalia machoni na akanipapasa shavu mbele ya Myanga yote, vile unapapasa mtoto ya jirani ametumwa chumvi.

"Mulembe, mama," nikasema, na kitu ndani yangu kikakatika. Nimetukanwa na madereva wa lori, nimetukanwa na wazungu walevi, lakini hakuna mtu alikuwa amenitukana kama huyo mama alinitukana kwa upole.

*

Sellah alikuwa kwa ubao. Kazi yake siku hizo mbili ilikuwa kuandika pointi kwa ubao wa shule uliotolewa nje ukaegemezwa kwa mti. Alikuwa anafundisha darasa la pili, na chaki anaishika vile wengine wanashika sindano. Kulikuwa na unga wa chaki kwa nyusi yake ya kushoto. Miaka miwili Kitale nilikuwa nikifunga macho naiona hiyo nyusi, inapanda juu kabla hajacheka. Sasa ilikuwa imelala tu.

"Njoo nyuma ya tanki," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Nina kazi."

"Watu wanakunywa chai, Sellah. Njoo."

Akaja, lakini alisimama mbali, tanki ya maji karibu iwe katikati yetu. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mazuri. Nilikuwa nimeyapanga kwa lori kutoka Kiminini. Yakatoka mengine.

"Mama yako amenipa mkono."

"Nimeona."

"Na amemkimbia Wabwile!"

"Hiyo pia nimeona. Mpaka nyuma ya choo. Wewe ulitaka akufanyie nini?"

"Anikimbie mimi!"

"Akukimbie kama nani?" Nyusi ikapanda, lakini hakuna kicheko kilifuata. "Ulileta nani hapa kukusemea? Baba yangu anakujua kama nani? Kwake wewe ni kijana ya kurudisha mipira."

"Na yule? Yule ni mtu ya kudunga ng'ombe sindano! Ananuka dawa ya kupe mpaka kanisani."

"Anachanja ng'ombe, ndiyo. Na wewe unaburuta rola. Tuendelee?"

Nikashikwa na hasira, na nikishikwa na hasira mdomo wangu unakimbia mbele yangu. "Si kazi yake, Sellah! Ni hiyo kiti! Mwanaume gani anakaa tu? Wenzake wanakufa kwa jua, wanapigana mmoja baada ya mwingine, na yeye anatafuna njugu, anangoja aletewe. Halafu siku ya mwisho anasimama amevaa nyeupe, ati yeye bingwa. Kama angekuwa na aibu angeanza chini kama watu!"

Akaangalia viatu vyangu. Vilikuwa vyeupe. Nilivipaka chokaa ya klabu usiku wa kuamkia safari, mara tatu, ili aone.

"Rudia hiyo," akasema.

"Gani?"

"Mwanaume gani anakaa, wengine wakipigana, halafu anakuja siku ya mwisho amevaa nyeupe. Rudia, nataka kuisikia vizuri."

Nikaficha kiatu kimoja nyuma ya kingine.

"Miaka miwili, Mukhisa. Senge ameniletea wanaume watano. Mmoja wa Naitiri mwenye ng'ombe mpaka hajui majina. Mmoja amefiwa na mke, ana watoto wakubwa kuniliko. Wote niliwarudisha mimi, na mdomo huu. Baba alininunia tangu Pasaka mpaka mavuno, tunakula ugali pale mezani kama watu wako matanga. Mama aliniuliza ukweli kama nina ugonjwa. Nikasema sina. Nikasema kuna mtu. Wakaniuliza yuko wapi." Sauti ikamtoka kidogo, akaivuta ikarudi. "Yuko wapi, Mukhisa? Nilikuandikia barua kumi na moja. Zako tatu. Na moja ya hizo ilikuwa ya kunieleza vile wazungu waliteremsha neti."

"Niliandika nikusubirishe kidogo tu, nipate—"

"Uliniambia nikusubiri. Ndiyo. Ukakaa Kitale ukangoja mimi nimalize watu wote, ndiyo wewe uje na huyu wa mwisho, jioni, watu wakiangalia." Akafuta jicho na mgongo wa mkono, chaki ikaenea mpaka shavuni. "Wabwile angalau kiti yake iko hapa Myanga. Watu wanaiona."

Nimepigwa mipira mingi mwilini. Hiyo ndiyo ilinipata.

"Nikimshinda leo—" nikaanza.

"Ukimshinda leo watakupa kombe. Libebe mpaka Kitale, uweke maua. Mimi si kombe."

"Na kesho? Utatoka jikoni?"

Nilitaka kuvuka hiyo hatua mbili nimshike mkono, nikaangalia mkono wangu, bado ulikuwa na joto ya mkono wa mama yake, nikauweka mfukoni.

"Sijui," akasema. "Nimechoka. Si uliniandikia wazungu walibadilisha sheria walipochoka? Basi mimi pia nimechoka, na sina kitabu."

Akaenda. Nikabaki na tanki.

*

Saa kumi Mwalimu Hiram akapanda kwa meza iliyowekwa juu ya meza nyingine, kitabu mapajani, miwani imefungwa na uzi.

"Bingwa, chagua upande."

Wabwile akainuka. Ile kukaa siku mbili ilikuwa imemfanyia vizuri, uso unang'aa kama sufuria mpya. Akaenda akasimama na mgongo wake kwa jua. Hakuna mtu alishangaa.

"Kijana," Hiram akaniita, "hapa si Kitale. Wakati wa kuanzisha mpira, miguu yote miwili iko chini, nyuma ya mstari. Ukiinua mmoja, ni kosa. Ndivyo kitabu kinasema."

"Mzee, hiyo pia imebadilishwa. Siku hizi mmoja unaweza—"

"Imebadilishwa na nani?"

"Na wenyewe."

"Wenyewe gani?" Akapiga kitabu kidogo na kiganja. "Mwenyewe ndiye huyu."

Uwanja ulikuwa udongo wa kichuguu uliopigwa na kinyesi ya ng'ombe, mgumu kama sakafu. Neti waliisuka na katani, ukigonga juu inalia kama gitaa mbaya. Mipira ilikuwa imepoteza manyoya yote, imekuwa kama vichwa vya wazee. Na bado, sitasema uongo, nilicheza vizuri. Kulikuwa na wingu. Seti ya kwanza nikamchukua sita kwa nne. Nilimkimbiza kona hii na kona hii mpaka kaptura ile ya pasi ikakunjika, na kila nikifunga pointi nilikuwa nageuka kuangalia ubao. Sellah anaandika. Hageuki.

"Fukuza, Mukhisa, fukuza!" baba mdogo Barasa akapiga kelele. Alikuwa amesahau haiwezi kuliwa.

Halafu wingu likaondoka.

Wabwile si mjinga. Hiyo ndiyo ilikuwa inaniuma zaidi. Alianza kupiga mipira juu, juu kabisa, polepole kama mtu anatupa sala. Nikiangalia juu naona jua tu, duara nyeupe, na mpira unaanguka nyuma yangu pap. Watu wanapiga makofi. Seti ya pili akachukua sita kwa nne. Miguu yangu ilikuwa na mechi nne ndani yake na yake haina hata moja. Nilikuwa namchukia na pumzi yangu yote, na kila nikimchukia nasikia sauti ya Sellah: rudia hiyo, nataka kuisikia vizuri.

Seti ya tatu. Tano kwa sita, mimi nyuma, mimi naanzisha. Thelathini kwa arobaini. Nikikosa hii, imeisha.

Mpira wa kwanza ukaenda kwa neti, ikalia. Nikashika wa pili. Jasho kwa macho, jua kwa macho. Nikarusha juu, nikapiga, na ulikuwa mzuri, ulianguka pale kwa kona Wabwile hata hakuusogelea.

"Mguu!" Hiram akaita.

Niliangalia chini. Mguu wangu wa kulia ulikuwa bado hewani, nyuma yangu, vile umezoea Kitale.

Imeisha. Nimeshindwa na mguu.

Uwanja mzima uligeuka kuniangalia. Walikuwa wananingoja nipige kelele, na kelele nilikuwa nayo, imejaa mpaka hapa. Nilikuwa naweza kuwaambia kila kitu. Mchwa, kitabu, chombo ya maua, Wabwile na njugu zake. Lakini niliambiwa hiyo sheria kwa sikio langu nikiwa nimesimama hapo hapo, na niliinua mguu kwa sababu ndani yangu nilikuwa nafikiri sheria ya Myanga ni ya watu wa Myanga, mimi ni wa juu. Mtu wa kudharauliwa pale uwanjani sasa nilimjua. Alikuwa na viatu vyeupe.

Nikaenda kwa neti nikampa Wabwile mkono.

"Mwaka ujao tena, kijana," akasema akihema, na akaenda moja kwa moja akakaa kwa kiti yake.

Mimi sikukaa. Nilitembea mpaka chini ya ile meza, raketi kwapani, kichwa wazi.

"Mwalimu," nikasema.

"Kitabu kinasema—"

"Kitabu kiko sawa. Nimeinua mguu. Sijaja kwa hiyo." Sauti ikatoka kama ya mtu mwingine. "Naitwa Mukhisa. Naburuta rola kule Kitale. Kwa miaka miwili nimemwacha binti yako apigane peke yake kwa ajili yangu, na mimi nimekaa. Hata wewe ulimnunia kwa sababu yangu na hukujua ni nani. Ni mimi. Ukitaka kununia mtu, ninunie mimi. Nataka kumwoa Sellah."

Mtu kwa mkeka akasema, "Woi!" Hapo nilikuwa nimevunja kila kitu. Kwetu kijana hajisemei. Anasemewa. Hiram akavua miwani, akaivaa, akavua tena, akaangalia kitabu kama kina ukurasa wa hiyo.

"Ngojeni, ngojeni!" Baba mdogo Barasa alikuwa anakuja mbio, nyasi kwa suruali. "Huyu hajui kuongea, amesoma. Mwalimu, mimi ni Barasa, ndugu ya baba yake, nashona pale Bungoma. Msimsikie yeye. Nisikieni mimi."

"Unasemaje basi?" Hiram akauliza.

Barasa akafikiri. "Nasema kama yeye."

Watu wakaangua kicheko, na hapo ndipo Wabwile aliinuka kwa kiti, mara ya pili siku hiyo. "Lakini mimi ndiye nimeshinda!" akasema. Na alisema kweli kabisa, kama mtu ameibiwa.

Chaki ikagonga ubao. Sellah alikuwa amegeuka. Uso wote una unga mweupe kama amepika.

"Umeshinda tenisi, Wabwile," akasema, polepole, vile anafundisha darasa la pili. "Kombe lako hilo hapo. Beba."

"Sellah!" Hiram akasema.

"Baba, kesho wakija watanikuta jikoni. Ndani."

Nilikuwa sijui nifanye nini na mwili wangu, na ndipo nikamwona Mama Agneta, hatua tatu kutoka kwangu, birika mkononi, anatuangalia wote wawili, mimi na binti yake, mimi na binti yake. Nilikuwa sijamshukuru kwa chai. Na sitasema uongo, nilitaka pia kujua. Nikanyoosha mkono.

"Asante kwa chai, mama."

Akauangalia huo mkono. Mkono wake wa kulia ukaanza kuinuka. Ukainuka, ukapita wangu, ukaenda mpaka kichwani. Ukashika leso, ukaivuta chini ikafunika uso wote. Birika akaiacha hapo hapo kwa mstari wa chokaa, na akakimbia! Mama mzima wa kanisa, akapita katikati ya uwanja, akainama chini ya neti ya katani, kandambili moja ikabaki upande wa jua, akapotea nyuma ya madarasa.

Nimekimbiwa na kuku, nimekimbiwa na watu niliowadai pesa. Sijawahi kukimbiwa nikataka kulia hivyo.

"Huyo amekimbia," sauti ya senge Nakhungu ikatoka kwa mkeka. "Rakini mimi sikimbii. Mimi niko hapa. Kijana ya Kitare! Njoo karibu. Unakuja kuchukua mtoto yetu na viatu ya chokaa? Wanaume watano nimereta, wote wamerudi na aibu yangu. Wewe umereta nini?"

Nikaangalia kwa ubao, kutafuta msaada. Sellah alikuwa ananipa mgongo. Alikuwa anafuta, mkono wake wote unaenda juu na chini, jina langu, jina la Wabwile, sita kwa nne, tano kwa saba, mpaka ubao ukabaki mweusi. Halafu akaandika upya, herufi kubwa za darasa la pili ambazo hata Barasa alizisoma kutoka kule:

RAUNDI YA KWANZA. MUKHISA – SENGE NAKHUNGU.

Na chini yake, sufuri kwa sufuri. Akageuka. Nyusi ya kushoto ikapanda.